Watoto wetu wasome sistemi yenye kuhesabu saa zetu

Leo sitasema juu ya prime, wala juu ya kofia na boti. Nataka kusema juu ya masomo ya université. Najua wengine watauliza: huyu delege, mwenye diplôme d'État tu, anajua nini mu mambo ya université? Ni kweli. Nilimaliza sekondari, nikaingia kazi, na kazi haikuniachilia tena. Lakini kuko jambo moja lilinipata kwa buletini yangu ya mushahara, na jambo hilo lilinifundisha kuliko mwalimu. Nitalieleza vile lilikuwa.

Mwezi moja nilipokea buletini, nikaona wamenikata siku moja. Waliandika «absence injustifiée», tarehe 20. Nikacheka kwanza. Tarehe 20 usiku nilikuwa mu carrière. Nakumbuka vizuri, juu mvua ilinyesha sana na tulisimamisha ma-kamio zaidi ya saa mbili.

Nikaenda ku biro ya watumishi. Kijana mwenye kuwa pale alikuwa na adabu, sisemi mubaya juu yake. Akafungua ordinatere, akaangalia, akageuza ekra kusudi nione mwenyewe.

«Papa, ona. Sistemi inaonyesha haukukuwa.»

«Lakini nilikuwa.»

«Nakusadiki, papa. Lakini mimi siwezi kubadilisha. Sistemi inakatala.»

Sistemi inakatala! Wandugu, ni mara ngapi tumesikia neno hili? Unaenda ku banki: sistemi inakatala. Unapeleka mutoto ku hospitali ya kampuni, jina lake halionekani: sistemi inakatala. Unafika ku mulango wa mine saa kumi na moja na nusu ya asubui, badji hailie: sistemi inakatala, unarudi nyumbani na siku imepotea.

Zamani pointere alikuwa mutu. Alikuwa na kaye na biki. Akikosea, unamufuata, unamukumbusha, munaenda pamoja kwa shefu, anafuta, anaandika upya. Pengine alikuwa na roho mubaya, pengine aliomba kitu kidogo. Lakini alikuwa mutu, na mutu ana masikio. Sistemi haina masikio. Na mwenye kuketi mbele yake anasema: si mimi. Sasa ni nani?

Nikauliza wenzangu wa ekipe. Usiku ule tulikuwa watu 40. Kila mutu akatafuta buletini yake. Wote 40 walikatwa siku ile ile! Wengi hawakuwa wameona, juu mwezi ule kulikuwa saa za supplémentaires na franka ilikaribia kuwa sawa na ya kila mwezi. Na hapa tujilaumu sisi wenyewe: buletini tunaangalia musitari wa mwisho tu, tunakunja, tunatia mu mufuko.

Tukaandika barua. Biro ikajibu kwamba usiku ule, juu ya mvua, tulikimbilia bus bila kupiga badji. Jibu lilikuwa na uso wa kweli. Mvua ilikuwa, bus ilikuwa, na hatukukuwa na kitu cha kuonyesha. Nusu ya ekipe wakaanza kusema: pengine ni kweli, tuache maneno.

Kuko binti wa mwenzangu mumoja wa ekipe, ana miaka 24. Alimaliza lisansi ya informatique de gestion, akaanza masta ya systèmes d'information. Siku moja nilikuwa kwao, tunaongea habari ile na baba yake, yeye anapika bukari. Akasikia. Akaja akaketi, akasema: «Papa, maneno ya mvua muache kwanza. Munipatie ma-buletini ya miezi sita, ya watu wa ekipe zote tatu.»

Tukamupatia. Hakutumia hata ordinatere. Alichukua kaye, akachora mistari: jina, ekipe, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Siku mbili tu. Akatuita.

«Papa, kila mwezi kuko ekipe moja inakatwa siku moja. Mvua ikuwe, mvua isikuwe. Na si ekipe moja kila mara. Ni ekipe yenye kufanya usiku tarehe 20.»

Tarehe 20 njo siku kampuni inafunga hesabu ya mushahara. Sisi wa usiku tunaingia saa kumi na mbili ya mangaribi, tunatoka saa kumi na mbili ya asubui. Usiku wa katikati ya mwezi, sistemi inaunganisha kuingia na kutoka vizuri, hakuna shida. Lakini tarehe 20, saa sita ya usiku, mwezi unafungwa. Kuingia kwetu kunabaki mu mwezi wa zamani, bila kutoka. Kutoka kwetu kunaanguka mu mwezi mupya, bila kuingia. Sistemi inaona vipande viwili, kila kimoja nusu, inatupa vyote viwili. Inaandika: hakukuwa mutu.

Nilibaki kimya. Nilikuwa nimetafuta mwizi, na mwizi hakuwa. Hakuna mukubwa mwenye kuketi na kusema: tuwaibe hawa siku moja. Kulikuwa tu mutu fulani, mu biro fulani, pengine mbali sana na hapa, mwenye kutengeneza programu ile. Hakufikiri kama kuko watu wako kazini wakati mwezi unafungwa. Hajafanya hata usiku moja mu mine. Alitusahau.

Mupige hesabu pamoja nami. Watu 40, siku moja kila mwezi: siku 40. Kwa mwaka, siku 480. Ni kazi ya mutu mumoja ya zaidi ya mwaka muzima, imebaki ku kasha ya kampuni. Na kwa mama wa nyumbani, siku moja ni bunga ya siku ngapi? Munajibu wenyewe.

Tulipeleka barua ya pili, pamoja na kaye ya mutoto. Mara hii hawakusema mvua. Walitengeneza, wakarudisha siku za ile miezi sita. Miaka ya nyuma tungali tunabishana. Barua ya kwanza ilikuwa na hasira ya watu 40, haikufanya kitu. Barua ya pili ilikuwa na karatasi ya binti mumoja.

Basi mawazo yangu ni haya: sindika zetu na jamaa zetu zipashwe kulipia watoto wetu masomo ya sistemi hizi mpaka masta. Tusiseme ni masomo ya watoto wa matajiri. Tuyaone kama kofia: ni kitu cha kutulinda kazini.

Kwanza tuelewane. Wengi wetu tukisikia informatiki, tunafikiri ni kupiga maandishi ku mashine, ao kutengeneza telefone, ao kuketi mu siberi. Hata mimi nilifikiri hivyo, na kuko mukutano moja nilisema waziwazi kama ile ni kazi ya ba-kalani. Nilikosea. Masomo ya sistemi ni kujua namna habari inatembea mu kampuni: nani anaiandika, wakati gani, inapita wapi, nani ana ruhusa ya kuibadilisha, na mwishoni inakuwa nini ku mushahara wa mutu. Mashine ni chombo tu, kama vile beleshi.

Mu shule zetu za Kongo wanafundisha sana njia moja ya Ufaransa inaitwa Merise, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Binti yule alinielezea. Kabla ya kugusa mashine, unaenda kwa watu wa kazi, unawauliza: munafanya nini, munaanza saa ngapi, munapeleka karatasi gani kwa nani? Unaandika kila kitu, unachora. Halafu tu njo unajenga. Nikamuuliza: basi sisi, nani alikuja kutuuliza? Akacheka tu.

Na tables zile zenye kujaa mistari, sistemi karibu zote za mushahara zinasimama juu yao. Mutu mumoja, Edgar Codd, mwenye kufanya kazi kwa IBM, njo alieleza wazo lile mu mwaka wa 1970. Ndani yake kuko neno moja linatugusa sana: kila mutu apashwa kuwa na alama moja, yake peke yake, kusudi asichanganywe na mwingine. Kwetu tunaita matricule.

Sasa mufikiri ndugu yetu wa sous-traitance. Mashine ni ile ile, carrière ni ile ile, lakini kontra inabadilika. Leo kampuni hii, mwaka kesho kampuni ingine. Kila mara badji mupya, matricule mupya, na jina linaandikwa vingine: hapa wanaandika Kalenga, pale Kalenge, kule wanasahau post-nom. Kwetu ni mutu mumoja tunayemujua na watoto wake. Kwa sistemi ni watu watatu, kila mumoja amefanya miaka michache. Siku ya pansio, anaenda ku CNSS, ile iliitwa INSS mpaka mwaka wa 2018, na miaka haijumlike. Nani atamusaidia kuiunganisha? Si mutu wa kupiga ngumi ku meza. Ni mutu mwenye kujua kuunganisha tables.

Wazee wetu wanajua maneno ya hesabu. Mwaka wa 2003, wakati wa départs volontaires, zaidi ya watumishi 10.000 walitoka Gécamines. Walibishana miaka na miaka juu ya décompte final. Kila mutu na mufuko wake wa karatasi, zingine panya imekula. Sisi hata karatasi hatuna tena. Yote iko ndani ya mashine ya patron.

Wengine watasema: sheria iko. Ndiyo, iko. Code du travail ya 2002 inasema kazi isipite saa 45 kwa juma. Inasema kila mara patron analipa, apashwa kumupa mutumishi décompte ya kuandikwa. Inasema délégation syndicale iulizwe mawazo juu ya saa za kazi na juu ya namna ya kulipa. Na tangu Mwezi wa tatu 2023 tuna Code du numérique, yenye kusema mutu ana haki juu ya habari zake zenye kuwekwa mu mashine. Ni sheria nzuri. Lakini patron akikupa leo kurasa 200 za pointaji, utazifanya nini? Sheria bila mutu wa kusoma hesabu ni bunga bila maji. Hakuna bukari.

Na juu ya nini masta, lisansi haitoshe? Tangu mabadiliko ya LMD, lisansi ni miaka 3 na masta ni miaka 2 juu yake. Vile nilielewa, lisansi inakufundisha kutumia sistemi na kutengeneza ndogo. Masta inakufundisha kuangalia sistemi ya kampuni muzima na kuuliza: kosa liko wapi, nani aliingia ndani, nani alibadilisha nini na wakati gani? Kuko pia neno ya heshima, tusijidanganye. Siku ya mazungumuzo, kampuni inaleta engenieri yake na diploma zake. Sisi tunaleta delege na sauti kubwa. Engenieri anasema maneno tatu hatuelewe, tunaona haya kuuliza, tunatia sinye. Nimetia sinye namna hiyo, zaidi ya mara moja.

Najua maneno yenye kuwa mu vinywa vyenu. La kwanza: watoto wenye diploma ya informatiki wamejaa mu kartie, wanauza unité na mega ku barabara. Ni kweli, na sifiche. Wengine walisoma informatiki ku tableau, miaka mitano bila kugusa mashine. Wazazi wao waliuza mpaka shamba. Kwa hiyo, mbele ya kutoa franka, mzazi aende yeye mwenyewe ku chuo na aulize. Kuko ma-ordinatere ngapi kwa wanafunzi ngapi? Kukiwa hakuna moto, wanafanya namna gani? Mwalimu gani atamufuata mutoto kwa mémoire yake, na anafika kweli ao jina lake liko ku karatasi tu? Stage watafanyia wapi? Chuo chenye kukasirika juu ya maulizo haya, muache.

Neno la pili: akimaliza, patron atamuchukua, atakuwa upande wao. Pengine. Lakini mimi nasema, hata akienda upande ule, ni faida. Mutoto mwenye kukua akiona baba yake anarudi asubui na macho mekundu, analala mchana na mama anawakataza watoto kelele, mutoto huyo hawezi kutengeneza sistemi na kusahau poste ya usiku. Hawezi!

Neno la tatu linaniuma zaidi, juu nalisikia kwa wenzangu kabisa. Mwenzangu, baba wa binti yule, aliniambia: «Ndugu yangu, mutoto mwanamuke, atasoma mpaka wapi? Amepata lisansi, inatosha. Kuko duka moja wanatafuta kesie, aanze kazi, asaidie wadogo wake.» Sikumugombeza. Ana watoto sita, na mushahara wake naujua, juu ni kama wangu. Anapima kitu chenye kuonekana leo na kitu cha kesho. Kila mzazi anapima hivyo. Nilimwambia tu: «Siku zetu zilizorudi, nani alizirudisha? Mimi delege, ao mutoto wako?» Akanyamaza. Halafu akaniuliza: «Sawa. Na sindika itatoa ngapi?»

Hapo sikuwa na jibu. Tulikula bukari ya mikono yake, tulitumia akili yake, tulipokea franka yenye yeye alirudisha, na hatukufikiri hata siku moja kama mwaka wake wa pili wa masta haujalipwa. Tulimwambia asante, mama, Mungu akubariki. Asante hailipe minerval.

Basi jibu langu nalitoa hapa, mbele ya wote. Ku kampuni yetu wanachama wa sindika tuko karibu 600. Kila mumoja akitoa 1.000 FC kwa mwezi, ni 600.000 FC kwa mwezi. Elfu moja ni kitu gani? Kwa kilio cha jirani tunatoa zaidi, na ni vizuri tutoe. Lakini tutoe pia kwa mwenye kuwa mzima na anasoma. Kasha iwe na kaye ya wazi, wamama wawili wakuwe mu komite ya kuichunga, na mwanafunzi alete matokeo yake kila mwisho wa mwaka. Kwa upande wake, afanye mémoire juu ya mambo yetu: pointaji ya usiku, miaka ya sous-traitance, ma-fishi ya hospitali ya wenye kuumwa na vumbi mu mapafu. Hatumuombe aahidi kutumikia sindika maisha yake yote. Tunamuomba atuachie kazi moja yenye delege wa kesho atatumia.

Na sisi wakubwa tusikae mikono mitupu. Mu convention collective yenye kuja, tuombe neno moja liandikwe: délégation syndicale ione pointaji ya kila mwezi mbele hesabu haijafungwa, na kila kosa litengenezwe ndani ya siku zenye kujulikana. Na kila mutu, tangu mwezi huu, aandike mu kaye kidogo saa yake ya kuingia na saa yake ya kutoka. Biki na kaye bado hazijakataliwa na sistemi.

Komite ya sindika yetu itakutana mbele ya mwisho wa mwezi. Nitaleta neno hili la 1.000 FC kwa wote kulipigia kura. Inscription ya mwaka mupya inafungwa karibu, na kazi ya kesie haitangojea. Wenye kukatala waseme sababu yao waziwazi, nitawasikiliza. Lakini waje kwanza na ma-buletini yao ya miezi sita, tuyafungue ku meza, na watuonyeshe nani kati yetu anaweza kuyasoma kama vile binti yule aliyasoma.